Mchumia Juani na Kivuli Chake

Wahenga walisema: mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo nimeifundisha kwa muda wa miaka kumi na saba, kwanza mjini Muyinga na baadaye hapa Gitega, wala sikuwahi kuona ugumu wowote ndani yake. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba anayevumilia jua la kazi atastarehe siku ya kula matunda ya jasho lake. Kisha niliwapa methali mbili tatu za ukoo huo huo, kama vile mvumilivu hula mbivu na mtaka cha mvunguni sharti ainame, tukafunga madaftari. Ikatokea siku moja mwanafunzi akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Makala haya ni jaribio la kulijibu, ingawa kwa kuchelewa.

Mwanafunzi huyo alikuwa mchukuzi, na tena alikuwa bondia. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa yu hai na hakunipa ruhusa ya kulitaja. Mji wa Muyinga hauko mbali na mpaka wa Tanzania, na malori yaingiayo kwa njia ya Kobero hupita hapo yakiwa na shehena ya kila namna. Kijana wangu alikuwa katika kundi la wapakiaji na wapakuaji. Gunia la kahawa lina uzito wa kilo 60, nao uzito wa mwili wake haukuzidi huo ila kwa kilo chache. Jua lilipokwisha kuchwa, alikwenda kwenye ua mmoja ambako gunia jingine, lililojazwa mchanga na matambara, lilitundikwa kwenye tawi la mparachichi. Hapo alifanya mazoezi ya ngumi hadi giza lilipoingia. Hivyo maisha yake yote yalikuwa ya magunia: mchana akiyabeba, jioni akiyapiga. Siku mbili kwa juma alikuja katika darasa langu la jioni, maana Kiswahili cha sokoni na cha madereva alikijua vema, lakini alitaka kukisoma na kukiandika.

Mimi nilimpenda, na kwa kumpenda nikamfanya mfano. Mara nyingi nilimsimamisha mbele ya wenzake nikasema, "Mtazameni huyu. Mchana anabeba, jioni anapigana, na usiku anasoma. Nyinyi mnalalamikia nini?" Wenzake walipiga makofi, naye alitabasamu kwa haya. Sikumwuliza hata mara moja kwamba analala saa ngapi.

Ikaja siku ya pambano lake, siku ya Jumamosi. Lilikuwa pambano la kulipwa, ingawa malipo yenyewe hayakuzidi sana ujira wake wa juma moja wa kubeba mizigo. Nilikwenda nikakaa mstari wa mbele. Katika raundi mbili za kwanza alipigana vizuri. Katika raundi ya tatu mikono yake ilianza kushuka, na miguu yake ikawa kama imezama matopeni. Alipigwa kwenye paji la uso, akaanguka, akainuka, akapigwa tena. Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele, nami nilikuwa miongoni mwao. Neno nililokuwa nikilipaza nalikumbuka hadi leo: "Vumilia! Vumilia!"

Juma lililofuata alikuja darasani, akaniuliza jambo, nikamjibu. Na kabla ya kipindi kwisha akaniuliza jambo lile lile kwa maneno yale yale, kana kwamba hakuwahi kuliuliza. Nikaingiwa na hofu. Nilimngoja wenzake watoke, nikamwuliza habari za usiku wa kuamkia pambano. Akanieleza kwamba lori lilichelewa, likafika usiku wa manane, nao wakalipakua hadi alfajiri. Angalikataa kwenda, angalipoteza nafasi yake katika kundi, kwa sababu walio nje wakiisubiri ni wengi. Kisha akasema: "Mwalimu, ile methali yako nimeifikiri. Mimi mchana nachumia juani, na jioni nachumia tena. Sasa kivuli changu kiko wapi?"

Ndugu walimu, swali hilo si la kijana mmoja tu, bali ni la kila mtu ambaye mwili wake una waajiri wawili. Kwa upande wetu sisi tunaotazama, laweza kuulizwa hivi: je, ni haki kumsifu mtu kwa sababu ya taabu ambayo tungeweza kumpunguzia?

Wako watakaojibu upesi kwamba taabu ndiyo iliyomtengeneza bondia, na kwamba kumwondolea taabu ni kumwondolea nguvu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu historia ya ngumi ina mashahidi wake. James Braddock wa Marekani, wakati wa dhiki kuu ya uchumi ya miaka ya 1930, alikuwa kibarua bandarini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika katika mapambano, akalazimika kufanya kazi kwa mkono wa kushoto, nao mkono huo ukapata nguvu ambayo haukuwa nayo hapo kwanza. Tarehe 13 Juni 1935 alimshinda Max Baer, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Vivyo hivyo Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati kuanzia mwaka 1980, katika ujana wake alifanya kazi ya ujenzi katika kampuni ya wale ndugu wawili waliokuwa wakimfundisha ngumi. Huyu ndiye aliyepambana na John Mugabi wa Uganda mjini Las Vegas mwezi Machi 1986, akamshinda katika raundi ya 11. Mtu akiwatazama hawa aweza kusema: tazameni, saruji na mizigo ya meli ilikuwa shule yao.

Ukweli mmoja umo katika hoja hiyo, nao ni kwamba kazi ngumu humfundisha mtu kutoshtushwa na maumivu. Lakini iko kasoro kubwa. Sisi tunawahesabu walioufikia ubingwa. Hatuwahesabu waliovunjika njiani, kwa sababu hao hawakuandikwa. Kwa kila kibarua mmoja aliyepata taji, ni vibarua wangapi walioanguka katika raundi ya tatu kwenye ukumbi mdogo, wakarudi kwenye magunia wakiwa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha? Anayesema kwamba taabu ilimfanya Braddock kuwa bingwa ni kama anayesema kwamba mafuriko hustawisha mpunga, kwa kuwa ameona shamba moja lililopona.

Tena, wataalamu wa mwili wanatufundisha jambo ambalo wakulima wamelijua siku zote kuhusu ardhi. Msuli haukui wakati wa kazi. Kazi huuchosha na kuuchanachana kidogo kidogo, na ni wakati wa usingizi na chakula ndipo unapojijenga upya. Kwa hiyo pumziko si kinyume cha mazoezi. Ni sehemu yake ya pili. Aliyefanya mazoezi bila kulala amepanda bila kungoja mvua.

Katika ngumi, uchovu una hatari iliyo mbaya kuliko kushindwa. Mwezi Novemba 1982, Duk Koo Kim wa Korea ya Kusini alipambana na Ray Mancini mjini Las Vegas. Aliangushwa katika raundi ya 14, akafariki siku chache baadaye. Baada ya msiba huo Baraza la Ngumi la Dunia liliamua kwamba mapambano ya ubingwa yasiwe tena ya raundi 15 bali 12, na vyama vingine vikafuata katika miaka iliyokuja. Sisi wa Afrika ya Mashariki tulipata msiba wetu mwezi Julai 1994, wakati Robert Wangila wa Kenya, aliyeshinda nishani ya dhahabu katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alipofariki katika mji huo huo wa Las Vegas kutokana na pambano.

Tuitafakari sheria ile ya raundi 12. Walioitunga walikubali kwamba mwili uliochoka haujilindi, na kwamba mwili usiojilinda hauna haki ya kuachwa ulingoni, hata kama mwenyewe yuko tayari kuendelea. Basi ikiwa raundi ya 13 ni ya hatari kwa bingwa aliyelala vizuri, akala vizuri na kutunzwa kwa miezi mitatu, tuseme nini juu ya kijana aliyepakua lori usiku kucha? Huyo huingia ulingoni kengele ya kwanza ikilia, lakini kwa hesabu ya mwili wake yuko tayari katika raundi ya 13. Sheria inahesabu raundi za ulingoni tu. Raundi za sokoni haizioni.

Hapo baadhi yetu tutasema: ikiwa ni hivyo, na aache ubeba mizigo, ajitoe mzima kwa ngumi. Hata mimi nilimwambia hivyo yule kijana siku ile, nikidhani nimempa shauri la busara. Yeye alinyamaza kwa heshima. Ilinichukua miaka miwili kuelewa kwamba shauri langu lilikuwa la mtu mwenye mshahara. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mambo yalifunuka hivi. Mimi nilihamia Gitega, na baada ya muda kijana naye akaja. Tangu Gitega ifanywe makao makuu ya kisiasa ya nchi mwaka 2019, mafundi na vibarua wengi wamekuwa wakiutazamia mji huu, naye alipata kazi ya kuchanganya saruji na kupandisha matofali. Kazi ilikuwa ngumu kama ile ya kwanza, ila ilikuwa na tofauti moja: ilianza asubuhi na kwisha saa kumi jioni, na Jumapili alipumzika. Jioni moja alikuja nyumbani kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

Akanieleza kwamba mwandaaji mmoja wa mapambano amemwita akapigane ng'ambo ya mpaka, baada ya siku sita, na mpinzani aliyemzidi uzito na uzoefu. Bondia aliyepangwa kwanza alikuwa ameumia, na waliohitaji kujaza nafasi walimkumbuka yeye. Fedha zilikuwa nyingi kuliko alizowahi kupata kwa pambano moja. Nikamwuliza, "Nawe umemjibuje?" Akasema, "Nimemwambia hapana. Nimemwambia anipe majuma sita, si siku sita. Akanicheka, akasema mimi ni mbeba matofali, nisijifanye bingwa. Nikamjibu kwamba ni kweli, mimi ni mbeba matofali, na kwa sababu hiyo kesho nitakula hata nisipopigana."

Maneno hayo yaligeuza fikira zangu zote. Kumbe kazi ile ile inayomchosha ndiyo inayompa uwezo wa kukataa. Bondia asiye na chakula kingine ila ngumi zake hana sauti mbele ya mwandaaji: atapigana kwa taarifa ya siku sita, na aliyemzidi uzito, na hata kabla maumivu ya kichwa hayajapoa. Bondia mwenye tofali mkononi amechoka, naam, lakini ana mlango wa pili wa kutokea. Shauri langu la zamani, la kumtaka aache kazi, lingalimfungia mlango huo.

Mifano mikubwa ya dunia inalithibitisha jambo hilo. Stipe Miocic wa Marekani alipata ubingwa wa uzito wa juu wa UFC, yaani mashindano ya mapigano mchanganyiko, mwaka 2016. Naye hakuacha kazi yake ya askari wa zimamoto katika jimbo la Ohio. Mwezi Januari 2018 alimshinda Francis Ngannou wa Kameruni, mtu ambaye tangu utotoni alichimba mchanga machimboni kijijini kwao huku akiota kuwa bondia. Mwezi Machi 2021 Ngannou alimshinda Miocic, akautwaa ubingwa. Lakini tendo la Ngannou ambalo mimi naliheshimu zaidi lilitokea nje ya ulingo. Mwaka 2023 aliachana na UFC akiwa bado bingwa, baada ya kutokubaliana juu ya mkataba. Na miongoni mwa mambo aliyosema aliyaomba ni bima ya afya kwa wapiganaji na mtu wa kuwasemea mbele ya wakubwa. Mchimba mchanga alijua thamani ya neno "hapana". Katika mwezi Oktoba wa mwaka huo huo alipigana ngumi na Tyson Fury mjini Riyadh, na njaa haikumwua.

Basi tumefika mahali ambapo hoja mbili zinakabiliana. Ya kwanza yasema kwamba kazi ya mchana humnyang'anya bondia pumziko, na bila pumziko yumo hatarini. Ya pili yasema kwamba kazi hiyo humpa bondia uhuru, na bila uhuru yumo hatarini vile vile. Zote mbili ni kweli. Mwenye kuishika moja na kuiacha nyingine atakosea: atamwua kijana kwa uchovu, au atamkabidhi kwa wafanyabiashara.

Njia ya kutoka nadhani iko katika kutofautisha kazi na kazi. Iko kazi inayomkopesha mpiganaji wakati, na iko kazi inayomwibia. Nchi jirani ya Kenya iliifahamu tofauti hiyo zamani. Mabondia wake wengi walitoka katika timu za jeshi, magereza na polisi, na timu ya polisi ilipata jina la Chafua Chafua. Mkimbiaji Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alikuwa polisi. Mwajiri wa namna hiyo hamwondolei mtu kazi, bali huipanga ili mazoezi na pumziko vipate saa zao. Mshahara unabaki, na pamoja nao heshima ya kujilisha.

Hatuwezi kumfanya kila bondia wa Gitega na Muyinga kuwa askari. Lakini yako mambo madogo yasiyohitaji hazina ya serikali. Msimamizi wa ujenzi au mkuu wa kundi la wachukuzi aweza kumpa mtu wake ruhusa ya siku tatu kabla ya pambano bila kumpokonya nafasi. Mwandaaji aweza kumwuliza bondia, wakati wa kumpima uzito, alilala wapi na alifanya kazi gani jana. Na asiyelala arudishwe nyumbani pasipo aibu. Daktari aweza kuwapo ukumbini, na aliyepigwa kichwani asirudi kwenye mizigo kesho yake. Sisi watazamaji nasi, tunaolipa kiingilio, tuna haki ya kudai mambo hayo, kwa sababu ni kwa faranga zetu pambano linafanyika. Anayenunua anahusika na kilichouzwa.

Kuna atakayeniambia: "Mwalimu, huyo ni mtu mzima, amechagua mwenyewe." Nakubali kwamba amechagua, na chaguo lake nalistahi. Lakini aliyechagua kupigana hakuchagua lori lichelewe. Hakuchagua wala mkuu wa kundi asiyesamehe kutokuwapo kwa usiku mmoja. Kumheshimu mtu kwa uchaguzi wake hakutuondolei wajibu juu ya yale ambayo hakuyachagua, hasa ikiwa sisi ndio tuliyoyaweka.

Mwisho nirudi darasani, maana ndiko kosa langu lilikoanzia. Sisi walimu tumepewa kuzilinda methali, na yawezekana kuilinda methali kwa namna inayomdhuru mwanafunzi. Tunapenda kufundisha nusu ya kwanza, ile ya jua, kwa sababu jua ni la mwanafunzi naye ndiye atakayelivumilia. Nusu ya pili, ile ya kivuli, tunaiacha kama ahadi isiyo na mdhamini. Lakini wahenga hawakusema tu kwamba mtu achume juani. Walisema atakula kivulini, na kivuli hakijioteshi chenyewe. Aghalabu mti unaotufunika ulipandwa na mwingine.

Neno "vumilia" nimepunguza kulitumia. Mwanafunzi akinijia amechoka, kwanza namwuliza amelala saa ngapi, kisha tunaendelea na somo. Yule kijana bado anapandisha matofali hapa Gitega, na bado anapigana, ingawa si mara nyingi. Wakati mwingine hupitia kwangu Jumapili alasiri, tukakaa chini ya mti ulio uani. Swali lake hakulirudia tena. Nami kila tuketipo hapo naona kwamba jibu ninalo nusu tu, na nusu iliyobaki iko mikononi mwa wengi, nanyi ndugu zangu mkiwamo.